Chupa ya Unga Mweusi

Kindu, tarehe 9 Februari 1999

Mudogo wangu Aimé,

Nakusalimu sana, na Mama anakusalimu. Sisi wa nyumba tuko wazima. Mutoto wangu Sandrine ameota meno ya mbele na anauma kila anayemubeba. Bwana wangu Musafiri bado amekwama upande wa Kibombo pamoja na gari lake la moshi. Tangu reli ikatwe sijapata neno lake, lakini hakuna aliyeniletea habari mbaya, kwa hiyo nasema yuko muzima. Barua hii naipa padri mumoja anayepita Bukavu mupaka Nairobi. Kutoka pale sijui itapita wapi hata ikufikie Lubumbashi. Kama wewe uko na afya, kwetu njo furaha ya kwanza.

Muji ulianguka mikononi mwa waasi nyuma yako kidogo tu, baada ya ile avion ya waaskari iliyoruka nawe mupaka Lubumbashi. Watu waliingia katika institut ninapofundisha, wakachukua viti, milango, hata mabomba ya maji. Ndani ya labo hawakuacha kitu. Tulifanya vizuri kuileta ile chupa ya unga mweusi nyumbani mapema. Iko salama ndani ya sanduku la unga wa muhogo, pale ulipoiweka kwa mikono yako.

Sasa shida yenyewe. Unamukumbuka Docteur Ismaël wa lopitalo. Amejaza wagonjwa wa risasi, vidonda vinatoa usaha wa kijani, dawa imeisha. Alikuja nyumbani akaniuliza, "Mwalimu wa chimie, unaweza kunitengenezea siki? Nyepesi, safi, ya kuosha vidonda?" Zamani ningemuambia aache tembo ya mawese ichache yenyewe. Lakini wagema hawavuki tena barrière ya waaskari kwa sababu ya Mayi-Mayi, wale wapiganaji wa msituni, na ile kidogo inayopatikana ni chafu. Alkoli, hiyo iko. Pipa moja lilibaki katika depo ya reli, wakamupa. Nikamujibu kwa sauti kubwa, nilikuwa na kiburi, "Docteur, mimi na mudogo wangu tunajua kugeuza alkoli kuwa siki. Njo kazi ya mémoire yake, andiko lake la kumaliza masomo."

Aimé, nilifanya kama tulivyokuwa tunafanya pamoja. Alkoli ndani ya maji, unga mweusi ndani, ile paladiumu yetu iliyoshikwa juu ya makaa, moto mudogo wa mbabula, jiko la makaa, chini, na pompu ya baisikeli kwa kuingiza hewa. Nikangoja ile harufu ya ukali. Hakuna. Nikachovya karatasi ya litmus, ikabaki bluu, haikugeuka nyekundu.

Nakumbuka wiki yako ya mwisho hapa ulisema unga umechoka. Mimi sikuuona ukichoka. Mara ya mwisho nilipoushika mimi, ile filtre, karatasi ya kuuchujia, ilikauka mezani, tone la alkoli likaiangukia, ikashika moto na kuchoma mukono wa shati lako. Unga uliochoka hauchomi shati. Niambie basi, umechoka namna gani? Paladiumu imetoka katika makaa ikaenda na maji, au iko bado, imefunikwa na uchafu? Unajua mémoire yako yote ilikuwa neno hilo moja, unga ufanye kazi, uchujwe, urudishwe ndani, ufanye tena bila kupoteza nguvu. Hatuna chupa ingine. Hata vita ikiisha kesho, nani atatuletea?

Mujibu dada yako haraka, kama kuna haraka siku hizi.

Yaya wako,
Joséphine


Lubumbashi, tarehe 2 Juni 1999

Yaya wangu mupenzi,

Barua yako ilinifikia juzi, nikaisoma nikiwa nimesimama barabarani. Mungu asifiwe kwamba munaishi. Hapa ni baridi, watu wanavaa makoti. Nalala kwa rafiki wa marehemu Baba, muzee wa reli, yeye na muke wake wananitunza kama mutoto wao. Mubusu Mama kwa ajili yangu. Muambie nakula vizuri na siku ya mungu sikosi misa, hata kama la pili si kweli sana.

Université imenipokea. Profesa alisita mwanzoni, lakini nilifika na kitu cha kuanzia, na wengine hapa hawana hata hicho. Kwa hiyo nina kona yangu ya meza.

Kuhusu unga. Mambo haya ni magumu kueleza kwa barua. Nafikiri umefunikwa tu. Siki yenyewe ikitengenezwa inashika juu ya unga na kuufunga. Uoshe kwa maji ya moto, mara nyingi, mupaka maji yatoke safi. Kisha kwa maji yenye soda kidogo, kisha maji tena. Usichuje kwa kitambaa kimoja, weka viwili, kwa sababu zile chembe ndogo njo zenye nguvu na zinapita. Uvumilivu, Yaya. Unga wa namna hii haufi mara moja.

Wewe ulinifundisha kazi hii. Naona ajabu kwamba leo mimi njo nakupa shauri.

Mudogo wako anayekupenda,
Aimé


Kindu, tarehe 20 Oktoba 1999

Mudogo wangu,

Salamu. Barua yako ilifika imefunguliwa na kufungwa tena, lakini ilifika. Mama aliniomba nimusomee tena na tena, na kila mara tukifika kwenye misa anacheka, anasema, "Anadanganya vibaya, kama baba yake." Hatembei sana siku hizi, unajua miguu ya watu wazima. Sandrine anatembea kwa niaba yake. Chumvi imekuwa kama dhahabu ya Kampene. Wale wanaothubutu kupanda muto kutoka Lokandu wanaleta samaki kidogo, na tunawapika bila chumvi, na tunashukuru. Musafiri alituma neno: anaishi, amelima kule Kibombo.

Niliosha unga kama ulivyosema. Maji ya moto, soda, maji. Vitambaa viwili. Sikupoteza chembe. Nikaurudisha ndani ya alkoli. Hakuna kitu. Nikaosha tena. Hakuna.

Basi nikaketi nikafikiri kama tulivyokuwa tunafikiri ubaoni. Labda si siki inayoufunga, labda ni hewa. Alkoli inakuja juu ya paladiumu kuomba oksijeni, lakini tukisukuma hewa kupita kiasi, oksijeni inajaa pale na kukaa kama kutu, na alkoli haipati mahali pa kugusa. Kama ni hivyo, dawa yake si kuosha. Dawa ni kusimamisha hewa, kuacha unga ukae ndani ya alkoli ya moto bila pompu, ili alkoli yenyewe itafune ile kutu. Kisha hewa irudi polepole, kidogo kidogo, isizidi. Tungeweza kufanya hivyo kila baada ya kazi, unga ungekuwa unapumzika na kurudi, na ungedumu.

Nilipopata wazo hilo nilifurahi peke yangu jikoni kama mujinga. Nikalijaribu. Bado hakuna. Lakini naamini wazo ni zuri. Pengine nakosea moto.

Docteur Ismaël anapita kila wiki, anatazama mutungi wa kazi yetu, anarudi kwa wagonjwa. Kuna mugonjwa mumoja hasa anayenitesa moyo, kidonda cha muguu, risasi iliyopotea, mutu aliyekuwa anatafuta sombe, majani ya muhogo, karibu na barrière. Ninafanya kwa ajili yake kwanza.

Na wewe ulifika kule na kitu gani cha kuanzia? Ni yale maandishi yetu? Hukuniambia.

Yaya wako,
Joséphine


Lubumbashi, tarehe 11 Machi 2000

Yaya Joséphine,

Salamu nyingi kwa Mama, kwa Sandrine, na kwa Musafiri siku atakaporudi. Mimi ni muzima. Muzee wa reli aliyenipokea alilazwa na malaria, lakini amepona na ameanza tena kugombana na redio.

Wazo lako la hewa, nimelisoma mara nyingi. Yaya, hilo ni jambo kubwa. Niandikie zaidi. Alkoli uliiacha ikae muda gani bila hewa? Moto ulikuwa wa kiasi gani, wa kuchemsha au chini yake? Ukirudisha hewa, unairudisha namna gani? Niambie yote uliyofikiri, hata yale uliyoona hayana maana. Hapa wote tunahangaika na jambo hilohilo, katalizeri, unga kama ule wetu, inafanya kazi vizuri mara ya kwanza, kisha inaanza kufa mikononi, na kila muntu anafikiria kuosha tu.

Kwako huko, usikate tamaa. Jaribu moto wa chini zaidi. Jaribu kuweka unga mwingi na alkoli kidogo. Lazima itakubali siku moja. Pole kwa mugonjwa wako, natumaini amepata nafuu.

Nina habari njema ya kumuambia Mama. Nimemaliza, na profesa ameniombea nafasi Ubelgiji kwa doctorat. Nitaondoka kabla ya mwaka kwisha, kama karatasi zitatoka. Muambie mutoto wake anaenda kuwa docteur, lakini si wa sindano.

Nakukumbatia,
Aimé


Kindu, tarehe 30 Julai 2000

Aimé,

Mama amekufa. Ilikuwa asubuhi, mwanzo wa mwezi huu, watu walikuwa wanarudi kutoka misa. Kwenda makaburini waaskari hawakuruhusu, kwa hiyo tumemulaza uani, nyuma ya jiko, na Docteur Ismaël alichimba pamoja na majirani. Padri alikuja. Tuliimba kwa sauti ndogo.

Ule muguu niliokuandikia ulikuwa wake. Yeye njo alikwenda kutafuta sombe. Alikataza nikuambie, alisema utaacha masomo na kujaribu kurudi kwa njia ya msitu na kufa bure. Mimi nilikubali. Kwa hiyo nilikuandikia "mugonjwa mumoja", nawe ukanijibu "pole".

Docteur hakuniambia kwamba siki ingemuponya. Aliniambia tu kwamba kwa vidonda vya kijani imesaidia wengine, na kwamba hakuwa na kitu kingine. Sitakuwekea juu yako kitu ambacho docteur mwenyewe hakukisema.

Lakini sikiliza sasa hili. Wiki chache kabla Mama hajafa, alikuwa ameketi na muguu wake juu ya kiti. Yeye njo alikuwa anasukuma pompu kila siku, hakutaka mutu mwingine aishike. Mimi nilichuja unga nikaweka filtre dirishani, nikaitwa inje, nikasahau. Jua likaikausha kabisa. Niliporudi niliogopa, nikakumbuka shati lako. Nikachukua tone la alkoli kwa ncha ya kijiko nikalidondosha juu yake, nikiwa mbali.

Haikuwaka. Nikadondosha lingine. Nikamimina kijiko kizima. Karatasi ililowa tu.

Paladiumu inaweza kufunikwa, inaweza kuchoka, inaweza kupungua. Lakini haiwezi kukosa kabisa tangu siku ya kwanza. Nilimupelekea Docteur chembe, tukaitazama kwa ile mikroskopi yake ya malaria. Aliitazama muda murefu kisha akaniuliza, "Mama Joséphine, haya si makaa ya mbabula?" Ni makaa ya kupikia, Aimé. Yamesagwa vizuri na kuchekechwa. Muntu alifanya kazi safi.

Chupa ilikuwa mikononi mwako tu na mwangu. Wewe uliiweka ndani ya sanduku siku uliyoondoka.

Nilikaa mwaka muzima na zaidi nachemsha makaa ya kupikia, nayaosha kwa soda ya shauri lako. Nilimaliza alkoli ambayo docteur angeoshea visu. Nilikuuliza kwa barua, ukanijibu, "weka vitambaa viwili".

Nilimuonyesha Mama ile karatasi. Alichosema sitakiandika.

Nangoja neno lako.

Joséphine


Liège, tarehe 15 Januari 2002

Yaya mupendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na uhai. Nasikia katika redio habari za Kindu na silali vizuri. Barua yako ya musiba ilikwenda kwanza Lubumbashi, muzee wa reli akaituma huku, ikapita mahali na maji. Ukurasa wa kwanza niliusoma. Ukurasa wa pili ulikuwa umelowa, wino umekwisha kabisa, sikuweza kushika hata neno. Nisamehe basi kama kuna swali ambalo silijibu.

Nimemulilia Mama katika chumba cha watu nisiowajua. Nilimuombea misa, kanisa lilikuwa na wazee wachache na baridi. Ungeniambia ni yeye, Yaya. Kwa nini hukuniambia?

Vita imetufanyia sisi wote mambo. Kila muntu alifanya alichoweza ili aendelee kuishi. Tukianza kuhesabiana hatutamaliza.

Kazi yangu inakwenda. Makala yangu ya kwanza imekubaliwa katika jarida la hapa. Ni juu ya namna ya kupumzisha katalizeri bila hewa ili itumike tena na tena kwa kugeuza alkoli. Nafikiri itakupendeza. Nitakutumia nakala njia zikifunguka.

Mubusu Sandrine. Lazima amekuwa mukubwa.

Aimé


Kindu, tarehe 3 Juni 2002

Aimé,

Mimi ni muzima. Sandrine ni muzima. Musafiri alirudi kwa miguu kutoka Kibombo, amekonda, lakini yupo.

Ule ukurasa wa pili nauandika upya, ni mufupi. Chupa iko wapi?

Joséphine


Liège, tarehe 12 Mei 2024

Yaya wangu mupendwa sana,

Ni miaka mingi bila karatasi kati yetu, na kosa si la posta peke yake. Namba yako ya simu Sandrine alikataa kunipa, alisema nikuandikie kwanza. Basi naandika kwa mukono kama zamani, na atakuletea yeye mwenyewe. Nimesikia juu ya Musafiri. Pole, Yaya. Alikuwa muntu mwema, alinifundisha kuendesha baisikeli katika kiwanja cha gare ya reli. Mimi nina nywele nyeupe sasa, na moyo ambao daktari anausikiliza kila baada ya miezi michache. Watoto wangu hawajui Kiswahili ila "kuja kula".

Sandrine pengine amekuambia. Institut yenu imejenga labo mupya, na mimi nimesaidia kupata vyombo. Mwezi wa nane watafungua na wameniomba niseme neno. Nitaongea juu ya kazi ya maisha yangu, namna katalizeri ya unga inavyoweza kurudi kazini mara nyingi bila kutupwa, kwa nchi zisizoweza kununua ingine kila siku. Nitasema wazi kwamba wazo lilizaliwa Kindu, jikoni kwetu, wakati wa vita. Watu wanapenda sana hadithi hiyo, kila mahali ninapoisema.

Nina maombi mawili. La kwanza, ukae mbele pamoja nami, na ukipenda useme neno moja juu ya siku zile. La pili, nataka labo hiyo ichukue jina la Mama. Nimekwisha kuwaambia, wamekubali kwa makofi.

Mambo ya zamani, Yaya, sisi ni wazee, tuyaache yalale. Nimebeba mengi ambayo hujui. Tukionana tutakula samaki wa Lualaba na hatutasema mengi, itatosha.

Mudogo wako daima,
Aimé


Kindu-Alunguli, tarehe 7 Julai 2024

Aimé,

Nakusalimu. Sandrine alinipa barua yako mukononi, akakaa pale mupaka nimalize kuisoma, kisha akaosha vyombo bila kuniuliza. Ni mutoto mwenye akili. Mimi ni muzima. Goti moja linaniuma wakati wa mvua. Bado nafundisha siku mbili kwa wiki kwa sababu wengine hawapendi kufundisha chimie bila vyombo, na mimi nimezoea. Siku hizi naishi ng'ambo, Alunguli, kwa shamba la Musafiri. Nyumba ya zamani nimeipangisha, lakini ule uwanja nyuma ya jiko hakuna anayeugusa.

Miaka hii yote nilifikiri nikikuandikia tena nitakuwa na maneno makali. Leo naona sina. Kwa hiyo nitakuambia tu mambo mawili, moja la kazi na moja la nyumba.

La kazi. Makala yako niliipata. Si wewe uliyeituma, ni muzungu mumoja wa MONUC, wale wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa mwalimu kwao, nilimuomba anitafutie. Niliisoma pamoja na dictionnaire, neno kwa neno. Moto chini ya kuchemka, hewa isimamishwe, alkoli iachwe itafune ile kutu, kisha hewa irudi polepole. Uliyaandika vizuri kuliko mimi, na ulikuwa na unga wa kweli wa kuthibitisha. Chini kabisa ulishukuru profesa, na université, na wale waliokupa nafasi. Nilitafuta mustari mumoja unaonitaja. Sikuutafuta kwa ajili ya sifa. Nilitafuta nijue kama uliwahi kusita. Sikuona mahali uliposita.

Nafahamu kwa nini uliichukua. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nimeona vijana wenye akili wakiozea hapa. Kama ungeniomba siku ile, "Yaya, nipe chupa, njo mulango wangu wa pekee," ningekupa. Nimejiuliza swali hilo kwa ukweli, na jibu ni hilo. Ungeiba bila kusema neno, hata hilo ningelibeba, muntu aliyeibiwa anajua ameibiwa na anatafuta njia ingine. Wewe ulisaga makaa. Kisha uliketi Lubumbashi, mbele ya chupa yangu, ukanifundisha namna ya kuyaosha. Na nilipokutumia wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata, ulilichukua ukalijaribu juu ya unga wangu, na mimi ukaniambia niendelee.

La nyumba. Mwaka 2000 nilikuandikia kwamba alichosema Mama juu ya ile karatasi sitakiandika. Nilikuwa nakuogopea. Au nilikuwa namuonea Mama haya, sijui. Sasa unataka kuweka jina lake juu ya mulango, kwa hiyo lazima ujue.

Nilimukuta na pompu mapajani. Nikamuonyesha karatasi iliyolowa, nikamueleza. Hakushangaa. Alisema, "Basi umejua."

Nikamuambia, "Mama, kumbe wewe ulijua nini?"

Akasema, "Nilimuona asubuhi ile ya safari yake anasaga makaa ndani ya kinu, anachekecha. Nilimuuliza. Aliniambia, Mama nyamaza, Yaya asijue, njo safari yangu hii. Nikanyamaza."

Nikamuambia, "Lakini wewe njo unasukuma pompu. Kila siku. Na muguu wako huo."

Alinitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto. Akasema, "Kama ungeacha kazi, ungeanza kutafuta sababu. Ungesukuma wewe, ungechoka haraka ukaacha. Mimi sikuwa na kazi ingine." Kisha akasema, "Usimuandikie vibaya. Yuko mbali, hana mutu."

Mimi nilikuwa karibu, Aimé. Mimi njo nilikuwa nafunga kile kidonda asubuhi na jioni. Alijua mutungi ule hauna kitu, akaniacha nitumaini, ili wewe usipoteze jina lako mbele yangu. Sijui kumuhukumu. Alikuwa muzazi wa watoto wawili, na akachagua aliyeko mbali. Nilimuosha, nikamuzika, na hata leo nikipita pale uani nasimama kwanza, nangoja hasira ipite, kisha njo nang'oa majani.

Wewe uliniachia makaa, na yeye akakusaidia kuyalinda. Nilikaa kati yenu na litmus mukononi.

Kwa hiyo jina lake usiliweke. Si kwa sababu hakustahili. Kwa sababu kila mutoto wa shule atakayeuliza, "Mama huyu alifanya nini?" mimi nitalazimika ama kusema uongo ama kumuaibisha, na nimekwisha kufanya miaka ishirini na nne ya uongo kwa ajili yake. Nimekwenda kwa directeur wa institut wiki iliyopita. Nikamuambia familia inakataa. Hakuuliza sababu. Labo itaitwa labo.

Siku ya kufungua sitakuwepo mbele. Hiyo hadithi ya jikoni isimulie kama unavyopenda, umeizoea. Wanafunzi wangu wanajua namna ya kupumzisha katalizeri, niliwafundisha kwa ubao na chaki tangu reli ilipofunguka, na hawajui imetoka kwa nani. Sifa hiyo siitaki tena.

Sandrine amekutafutia chumba upande wa muji, karibu na gare. Atakupikia, wewe ni mjomba wake, sitamukataza. Kama unataka kuja kwangu, pirogue zinavuka muto tangu asubuhi. Lakini njoo peke yako, bila watu wa sherehe, ukae mbele yangu, na kwa mudomo wako uniambie ulifanya nini na kile kinu. Uniambie mwenyewe, kwa sababu hata leo wewe hujaniambia kitu. Yote niliyojua nilijua kwa karatasi, kwa mikroskopi, na kwa Mama.

Kama huwezi, kula samaki wako upande huo. Usivuke muto.

Joséphine